Mtoto karudi kutoka kwa bibi, hamtaki mama: ukaribu wao umekatika?

Nuru_Chekechea: Wadau, habari za leo. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi 8. Zamani mama akitoka alilia, akirudi akibebwa ananyamaza. Amekaa kwa bibi miezi 3 mama akiwa masomoni. Sasa mama akimwita anageuza uso, usiku anamlilia bibi. Mama aanzie wapi?

MleziMakini: Dada Nuru, haujakatika. Tangu miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza James Robertson na John Bowlby walieleza mtoto mdogo anavyopokea kutengwa na mlezi: hulia na kutafuta, kisha hunyong'onyea, mwisho hujitenga. Kugeuza uso ndiko kujitenga huko. Akianza kumwamini tena, atamganda mama hata mlango wa choo, atasusa chakula na pengine atampiga. Hapo ndipo wengi hukosea, wanamchapa wakidhani bibi kamdekeza.

Mama asimnyakue. Akae chini karibu naye, amwache asogee mwenyewe. Akiamka usiku aende mama, kila mara yeye, si leo dada wa kazi kesho shangazi. Akitoka asinyemelee mlango wa nyuma: aage, aseme "narudi ukishaamka," na kweli arudi. Mtoto aliyetorokwa hushinda akilinda mlango badala ya kucheza.

Bi_Tumu: Naongezea: bibi msimkate ghafla, maana kwa mtoto huo ni msiba wa pili. Ikiwezekana aje siku chache, mama amwogeshe na kumlisha bibi akiwepo. Na mama amhoji bibi kwa undani: uji anaupenda mzito au mwepesi? Alibembelezwaje? Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipochunguza watoto wachanga karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, akina mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa undani ndio ambao watoto wao walikuwa watulivu zaidi kwao.

Nuru_Chekechea: Asante sana. Haitamwachia alama ya maisha?

MleziMakini: Si lazima. Mtafiti Everett Waters na wenzake, Marekani, walipima imani ya vijana 50 kwa wazazi wao, ambao walikuwa wamepimwa wakiwa na mwaka mmoja. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Baada ya miaka 20 hivi, 72% walikuwa kundi lile lile, wenye imani au wasio nayo. Kati ya waliopata misukosuko mikubwa, kama kufiwa na mzazi au wazazi kuachana, 44% walihama kundi, wasioipata, 22%. Kwa hiyo imani hushuka, na pia hupanda malezi yakitengemaa.

Bi_Tumu: Ila akipoteza maneno aliyokuwa akiyasema, au asipomwangalia mtu yeyote usoni, hata bibi, mpelekeni kliniki ya watoto mapema, na masikio yapimwe.