Wakala wa tiketi amemwambia mama yangu kwamba Nairobi hadi New York ni saa 7

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi.

Mwezi Januari mama yangu, mwenye umri wa miaka 71 na anayeishi na kisukari na presha, alitoka Moshi kwa basi hadi Nairobi, akapanda ndege ya moja kwa moja kwenda New York kumwona mjukuu wake. Juu ya karatasi ya tiketi, wakala aliyetuuzia aliandika kwa kalamu ya bluu na kupigia mstari: "Muda angani, saa 7." Mama akapanga mambo yake kwa maandishi hayo. Alikunywa dawa za jioni kabla ya kupanda, na zilizobaki akazifungia kwenye begi kubwa linalokwenda tumboni mwa ndege, akiamini kwamba dozi ya asubuhi itamkuta nyumbani kwa mwanawe.

Alikaa angani saa 15. Asubuhi ya kwetu ilipofika, alikuwa bado juu ya Atlantiki bila kidonge hata kimoja, na aliposhuka miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba viatu havikuingia.

Nimetafuta kosa lilikotoka, nikaliona. Ndege iliondoka saa tano na dakika 25 usiku, na tiketi ilionyesha kufika saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Wakala alitoa saa moja kwenye nyingine, akapata 7. Hakujali kwamba saa ya kuondoka ni ya Nairobi na ya kufika ni ya New York, ambayo wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa 8. Hata asingejua habari za saa, umbali ungemshtua: ni kilomita zipatazo 11,800, na ndege ya abiria huenda takribani kilomita 900 kwa saa. Kwa saa 7 mama asingefika hata London, ambayo iko kilomita kama 6,800 kutoka Nairobi. Isitoshe, anayekwenda Marekani hukabiliana na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi, na ndiyo maana kwenda huchukua muda mrefu kuliko kurudi.

Mtu anayelipwa kamisheni kwa kazi hii hana udhuru wa kutoyajua haya, kwa sababu wateja wake wengi ni wazee wanaosafiri kwa mara ya kwanza na wanaomeza dawa kwa saa.

Nilimpigia simu, akajibu kwamba tiketi haikuwa na kosa. Kweli, tiketi haikuwa na kosa. Kosa ni la kalamu yake. Nikaomba anisomee alichoandika kwenye karatasi ya kurudi, safari inayoondoka saa sita na dakika 25 mchana na kufika Nairobi kesho yake saa tano kasoro dakika 5 asubuhi. Akasoma: saa 22 na nusu. Ni saa 14 na nusu. Namtaka arekebishe karatasi hiyo na amwombe mama radhi yeye mwenyewe.