Risiti ya eTIMS: inamlinda mama mboga au inamfukuza sokoni?

Mzani Sawa
Tangu Januari 2024, mfanyabiashara wa Kenya akinunua bidhaa bila risiti ya eTIMS, yaani mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA haimkubalii kuyatoa matumizi hayo kwenye hesabu ya faida. Hapo ndipo mama mboga anapoumia, hata kabla afisa yeyote hajafika kibandani. Chukua hoteli iliyosajiliwa kama kampuni, inayonunua sukuma, nyanya na dhania za 200,000 kwa mwezi. Bila risiti, hizo 200,000 zinahesabiwa kama faida na kutozwa 30%, yaani 60,000. Meneja hatabishana na mtu, atahamia kwa muuzaji mwenye eTIMS. Kwa maoni yenu, mzigo huu ulikusudiwa kubebwa na nani?

Hesabu Kamili
Na wale waliokuwa wakitengeneza ankara hewa ili wapunguze kodi. Hao wametuumiza sote. Risiti yenyewe ni bure: unabonyeza *222#, unaweka PIN ya mnunuzi (namba yake ya mlipa kodi), bidhaa, bei na idadi, basi. Shida ni kwamba mama wengi wa sokoni hawataki kujifunza. Simu kwao ni ya kupokea tu.

Binti wa Marikiti
Hesabu Kamili, hayo maneno ya mwisho uyafute. Mama wa Marikiti saa kumi alfajiri anapokea malipo kwa Pochi la Biashara, anamlipa mwenye lori kwa M-Pesa, na madeni ya wateja anayo yote kichwani. Huyo ndiye hajui simu? Kinachomkosesha ni wakati. Bei ya kreti ya nyanya saa kumi na moja siyo ile ya saa tatu. Rejareja anauza kwa mafungu, si kwa kilo. Na kreti ikirudishwa mchana kwa sababu nusu imeoza, risiti ya eTIMS haifutwi. Inabidi atoe krediti noti inayotaja namba ya risiti ya kwanza na sababu ya kurudisha. Wateja wamesimama foleni, yeye yuko kwa simu anaandika.

Hesabu Kamili
Nimesema wengi, dada, sijasema wote.

Binti wa Marikiti
Hilo "wengi" ndilo tusi lenyewe.

Kijana wa Githurai
Mnagombania simu na pesa ndiyo inaondoka. Mama akishaonekana na KRA tu, anaingizwa kwa kodi ya mauzo ya 1%.

Mzani Sawa
1% iliisha Juni 2023, ndugu. Sasa ni 3% kwa anayeuza zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, na ritani, yaani taarifa ya kodi, pamoja na malipo ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tena ni ya mauzo, si ya faida. Kwa mboga, mwenye kuuza za 100,000 akabaki na 10,000 mkononi anadaiwa 3,000. Hiyo ni karibu theluthi ya faida yake, na zilizooza bado hazijahesabiwa.

Kijana wa Githurai
Asante kwa kunisahihisha. Basi ni mbaya kuliko nilivyodhani, maana milioni moja si ya tajiri. Ukiuza za 3,000 kwa siku umeshaivuka.

Hesabu Kamili
Umeivuka ukiuza siku zote 365. Akipumzika Jumapili ni 939,000, hayumo. Tusitishe watu kwa hesabu za haraka.

Binti wa Marikiti
Jumapili ndiyo siku watu wa mtaa wako nyumbani, wananunua mboga. Nani anafunga kibanda siku hiyo?

Karani wa Stoo
Nyote mmeruka jambo kubwa. Tangu mwisho wa Desemba 2024, sheria inamruhusu mnunuzi kumtolea risiti muuzaji ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 5. Hoteli inaiandaa, muuzaji anaikubali au kuikataa. Kwa hiyo hoteli haina sababu ya kumwacha mama mboga. Anachohitaji ni PIN tu. Kinachovuruga kazi stooni ni vipimo. Viazi ndivyo vibaya zaidi: kanuni za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini bado yanashushwa yale ya mukorino, yaliyojazwa kupita mdomo hadi yana kilemba juu. Ukiandika "gunia 1", hakuna anayejua ni kilo ngapi. Liweke kwa mizani, uandike kilo.

Kijana wa Githurai
Mukorino ni wizi. Mkulima wa Nyandarua analipwa gunia moja, dalali anapakua karibu mawili.

Karani wa Stoo
Sitetei dalali, mzee. Nasema risiti ndiyo itamfichua.

Kijana wa Githurai
Itamfichua vipi na inaandikwa na mnunuzi? Shambani ni dalali huyo huyo ndiye mnunuzi!

Mzani Sawa
Jamani, tulikuwa kwa mama mboga.

Binti wa Marikiti
Bado tuko kwake. Karani, umesema "PIN tu". PIN ina ritani yake kila mwaka kufikia Juni 30, hata kama hukuuza chochote, na ukikosa ni faini ya 2,000. Hilo mwambieni kabla hamjachukua PIN yake. Na kuhusu gunia, Kijana ana haki ya kukasirika. Hoteli ikiandika kilo 50 na mizani inaonyesha 90, kilo 40 zimeondoka bila jina la mtu. Mama asibonyeze "kubali" kabla hajaiona mizani kwa macho yake, na aweke picha ya kipimo kwa simu hiyo hiyo mnayosema haijui.

Hesabu Kamili
Hapo kwa picha nakubaliana nawe. Lakini nani atainunua hiyo mizani, yeye au hoteli?

Kijana wa Githurai
Na nani atampimia mkulima?