Stata nyingine, betri mpya, gari bado haliwaki! Mafundi wa Mbeya mnatuonaje?

Wakuu, nina hasira tangu Jumatatu, acheni niseme.

Wa Uyole mnaujua ubaridi wa Juni. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu, vidole vimekufa ganzi, napiga stata: ta! Kimya. Narudia: ta! Taa za mbele kali, redio inaongea, injini haizunguki. Saa sita jua likishatoka, gari linawaka kama si lenyewe.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. "Bosi, hiyo stata." Yaani ile mota inayozungusha injini ili iwake. Nikafunga ya mtumba, laki na themanini. Kesho yake: ta! Basi betri. Nikanunua mpya. Likawaka siku mbili, baridi ikakaza: ta! Mara ya tatu ananiambia pampu ya mafuta. Jamani! Injini haijazunguka hata robo, pampu inaingiaje hapo? Ndipo nikajua jamaa anapiga ramli kwa hela yangu.

Nikavutwa hadi Mwanjelwa kwa mzee mmoja fundi umeme. Yeye alikuja na mita. Betri volti 12.6, imejaa. Akagusisha waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini. "Piga stata, mwanangu." Ikasoma volti 4 na ushee, mahali ambapo hata nusu volti ni nyingi! Kumbe ethi ya injini (waya unaorudisha umeme toka kwenye injini hadi hasi ya betri kupitia bodi), pale inapofungwa kwenye bodi, imejaa unga wa kijani chini ya boliti, nyuzi zimeliwa zimebaki za kuhesabu. Alfajiri oili nzito, stata inadai umeme mwingi, ule waya haubebi. Mchana unajikongoja. Msasa, waya mpya, elfu kumi na tano pamoja na ufundi.

(Likikukuta hili, unganisha hasi ya betri na chuma cha injini kwa waya wa kubustia (ule mnene wa kuazima umeme wa betri ya gari jingine), kisha piga stata. Likiwaka, ni ethi, usitoe hela ya stata.)

Nikarudi kwa yule wa kwanza. "Spea ya umeme ikishafungwa hairudi, bosi." Haya, nipe basi stata yangu ya zamani, maana ilikuwa nzima. Anakuna kichwa, eti ilishachukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Nageuka kuondoka, naiona juu ya kabati lake, imefutwa oili, inang'aa, imeandikwa bei kwa chaki. Laki mbili.