Mafuta ya mwarobaini na nazi dhidi ya funza: yaingie zahanati au yabaki dawa ya nyumbani?

Kila kiangazi, vumbi linapozidi katika vijiji vya Kilifi na Kwale, pwani ya Kenya, ubishi huu hurudi. Wako wanaoshikilia kwamba funza atibiwe kwa dawa ya zahanati peke yake, na wako wanaoapa kwamba mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na ya nazi yanatosha, ila hayathaminiwi kwa kuwa hayana tajiri wa kuyauza. Mimi naona yanastahili kuingia zahanati, lakini si kwa sababu zinazotolewa na wengi wa watetezi wake.

Funza, ambaye wengine humwita tekenya, ni kiroboto aliyetoka Amerika ya Kusini. Alifika Angola mwaka 1872, na karne hiyo ilipokuwa ikiishia alikuwa ameshalivuka bara mpaka upande wetu. Jike hujichimbia ndani ya ngozi, mara nyingi pembeni ya kucha, akavimba kwa mayai, na kinachobaki nje ni ncha ya mkia wake tu: kile kitone cheusi katikati ya duara jeupe ambacho kila mzazi wa huku anakijua. Kwa tundu hilo hupumua, hutoa uchafu na hudondosha mayai. Kwa hiyo mafuta mepesi yanayoweza kupenya pale humziba pumzi, na hapana haja ya pini wala mwiba unaopita kutoka mguu wa mtoto huyu hadi wa yule, ukiwaachia pepopunda au virusi vya homa ya ini.

Utafiti uliofanyika Gatundu, katikati ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba dimetikoni, ambayo ni mafuta ya silikoni wala si ya mmea, iliua asilimia 78 ya funza ndani ya siku 7, ilhali pamanganeti, dawa ya zambarau ya zahanati inayochanganywa na maji ya kulowekea miguu, iliua asilimia 39. Mchanganyiko wetu, sehemu moja ya mwarobaini kwa nne za nazi, ulipojaribiwa kwa watoto wa pwani haukuishinda pamanganeti kwa kuua; ulichoishinda ni kutuliza uvimbe na maumivu. Anayedai kwamba unamaliza funza kwa siku moja anawapotosha watu.

Hata hivyo, kwangu mimi kutuliza maumivu si jambo dogo. Mtoto mwenye funza vidoleni hutembea kwa visigino, na akipelekwa kulowekwa kwenye pamanganeti hukaa robo saa miguu ikiwa ndani ya beseni, kisha hurudi darasani ngozi ikiwa na madoa ya hudhurungi ambayo wenzake wanajua maana yake. Kuna pia suala la maji, kwa maana beseni moja kwa kila mtoto, katika kijiji ambako dumu la maji hufuatwa mbali, ni gharama isiyoandikwa kwenye mwongozo wowote.

Wanaopinga husema kwamba mafuta hayatibu sakafu, na hapo wana haki, kwa kuwa viluwiluwi vya funza hukulia kwenye vumbi la sakafu ya udongo na aliyepona leo huweza kuingiliwa tena kesho. Lakini hoja hiyo inaiangusha pamanganeti vilevile, na mtoto aliyeshindwa kwenda shule hawezi kuambiwa asubiri saruji.

Kinachonitia hofu ni jina lenyewe. Mti ulioitwa mwarobaini kwa kuaminiwa kuwa hutibu maradhi arobaini huwafanya watu wadhani kwamba mafuta yake hayawezi kudhuru, na kumbe mtoto mdogo akinyweshwa mafuta ya mbegu zake anaweza kupata degedege na hata kufa. Ndiyo maana nataka yatoke zahanati, yakiwa yamepimwa, kwenye chupa yenye maandishi makubwa kwamba ni ya kupaka tu, badala ya kuuzwa sokoni katika chupa za soda zilizotumika.

Sasa nawauliza mnaokamua mafuta haya wenyewe: kipimo hicho cha moja kwa nne mnakifuata vipi, na mbegu mnazianika kivulini au juani kabla ya kuzikamua?