Natafuta kigari cha utotoni: Volkswagen nyekundu yenye tairi juu ya paa

MtotoWaMakole:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hili jambo nimekaa nalo miaka mingi. Sisi tumekulia Makole hapa Dodoma, miaka ya sabini, magari yetu ya kuchezea yalikuwa ya mabua ya mtama na matairi ya kandambili zilizokatika, ukibahatika kupata waya unatengeneza usukani mrefu unaendesha umesimama. Sasa kaka yangu mkubwa alikuwa na kigari cha dukani, alipewa na daktari mmoja mzungu wa kule Mvumi, mama alikuwa anamfulia, kilikuwa cha mwanae aliyeshakua. Kaka alikuwa hakitoi nje kabisa, anakifunga kwenye kitambaa anaweka chini ya mto.

Ninachokumbuka ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, nyekundu ya kuelekea chungwa, ya chuma, nzito mkononi. Boneti inafunguka, buti nayo inafunguka. Juu ya paa kuna tairi la spea na ukilizungusha kwa kidole tairi za mbele zinakata kona, hapo ndo ilikuwa inatumaliza kabisa. Mlangoni ilikuwa na namba ila imenitoka.

Mwaka 79 nikakichukua bila kumwambia nikakibadilisha kwa gololi kumi na moja kwa mtoto mmoja wa kota za reli, wiki hiyohiyo baba yake akahamishiwa Tabora, wakapanda treni kigari kikaenda. Kaka alikitafuta mwezi mzima na mimi nikakaa kimya. Mwaka huu amestaafu na mpaka leo hajui. Nataka nimpe kilekile, sio kinachofanana nacho. Kinaitwaje jamani, cha kampuni gani?

Kizota_Mitumba:
Mkuu hiyo ni Matchbox, usihangaike. Ninayo moja nilipata kwenye gunia la mitumba ya toi, Volkswagen 1500, mlangoni ina namba 137, chini imeandikwa Lesney England. Hizo ndo zilikuwa zimejaa enzi hizo.

MtotoWaMakole:
Asante ndugu yangu. Yako ni nyeupe nyeupe hivi na inaenea kwenye vidole viwili? Basi siyo. Ya kaka ilikuwa inajaza kiganja, na tairi la juu ya paa nina uhakika nalo.

FundiSaa_Uhindini:
Tairi la spea linalokata kona ndo limekitaja mkuu. Hiyo siyo Matchbox, hiyo ni Corgi Toys namba 256, Volkswagen 1200 ya East African Safari, yale mashindano ya magari. Corgi ilikuwa ya kampuni ya Mettoy, walianza kuzitoa 1956 kiwandani kwao Swansea, kule Wales, na jina wamelitoa kwa mbwa wa hukohuko. Hii 256 ilitoka kati ya 1965 na 1968, namba yake mlangoni ni 18. Matchbox ndogo, hii ni kipimo cha moja kwa 43, Volkswagen yenyewe ina mita nne na kidogo kwa hiyo ukigawa unapata kama sentimita tisa na nusu, ndo maana inajaza kiganja.

Sasa usinunue haraka. Bodi hiyohiyo waliitumia kwa gari ya polisi ya kijani na nyeupe, na wapo watu wanachukua bodi chakavu wanapiga rangi upya wanabandika stika mpya wanakuuzia kama ya zamani. Mwambie muuzaji akupigie picha ya chini, ya ndani ya boneti na ya kona za milango. Rangi ya kiwandani iliyochakaa inabanduka sehemu zinazoguswaguswa, iliyopigwa jana inang'aa mpaka kwenye bawaba. Na mwombe video akizungusha lile tairi la paa, kama tairi za mbele hazifuati basi ndani pamevunjika na mimi nisingeichukua hata kwa bei ya chini.

Jambo lingine, hii ilikuja na kifaru, yule mnyama mwenye pembe, kwenye boksi. Kifaru ndo hupotea kwanza, kwa hiyo nyingi zinauzwa gari tupu, na vifaru vingi utakavyoviona ni vya kuchongesha siku hizi. Kaka yako alikuwa na kifaru?

BibiWaKondoa:
Wanangu nimesoma mpaka moyo umeniuma. Hiyo Safari mimi naikumbuka, ilikuwa kila Pasaka, kaka zangu wamebanana kwenye redio kusikiliza nani kaongoza. Ilianza 1953 wakati malkia wa Uingereza anavishwa taji, ikawa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, tope na vumbi la huku kwetu, na Volkswagen zilishinda zaidi ya mara moja, ya 1962 ilikuwa Volkswagen. Kwa hiyo hicho kigari mwanangu japo kimetengenezwa Ulaya safari yake ilikuwa ya huku. Mtafutie kaka yako. Ila kabla hujampa mwambie ukweli, usimpe kama zawadi tu.

MtotoWaMakole:
Shikamoo bibi, nimekusikia na nitafanya hivyo. Fundi nakushukuru sana, nimeangalia picha za hiyo 256 usiku huu mikono ikaanza kutetemeka, ndo yenyewe.

Kifaru sikumbuki kabisa kwa hiyo nimempigia kaka sasa hivi. Nikamuuliza kile kigari chako cha zamani mlangoni kilikuwa namba ngapi, akajibu kumi na nane hapohapo, hata hakufikiri. Nikamuuliza kilikuwa na mnyama? Akasema kifaru ninaye, yuko kwenye kabati la vyombo na vikombe vya marehemu mama, pembe imekatika kidogo. Anasema alikuwa anamuweka mbali na gari ili sisi wadogo tusimpoteze. Halafu akaniuliza kwa nini unauliza leo.

Nimemwambia nakuja Jumamosi tuongee. Fundi, kwa hiyo natafuta gari tupu, namba 18, kifaru yupo.