Taa za nje kwa mama zinawaka alfajiri, zinazima mchana, usiku giza. Naombeni msaada

Mwana wa Kihonda:
Habari za jioni wakuu. Hili jambo ninalo wiki ya tatu sasa, nimeona nililete hapa kabla sijamwambia fundi ang'oe kila kitu.

Mama yangu anaishi Morogoro, Kihonda, yeye na binti anayemsaidia kazi. Mimi niko Dar. Mwezi wa sita dada yangu anayeishi Minneapolis, Marekani, alikuja likizo akamletea mama spika ya msaidizi wa sauti aliyokuwa akiitumia kwake. Mimi nikanunua Kariakoo swichi mbili za waifai kwa ajili ya taa za nje, moja ya getini na moja ya nyuma upande wa banda la kuku, pamoja na balbu nne za waifai za ndani. Fundi akafunga, dada akaunganisha vyote kwenye spika, akatengeneza ratiba, akarudi zake.

Ratiba yenyewe ni rahisi: taa za nje ziwake jua likizama na zizime jua likichomoza. Saa 4 usiku taa za sebuleni zizime.

Kinachotokea ni hiki. Jioni giza linaingia, nje hakuna taa. Mama akiamka kuswali alfajiri ndipo anakuta taa zimewaka, na zinabaki hivyo mpaka mchana kweupe, jua la utosi, wapita njia wanagonga geti kumwambia azime. Kuna siku mbili tatu hazikuwaka kabisa. La pili, umeme ukikatika usiku na kurudi, balbu zote nne za ndani zinawaka kwa mwanga wote. Juzi saa 8 usiku mama amekurupuka akidhani kuna mtu ndani.

Ana miaka 71 na macho yake si ya zamani. Taa ziliwekwa kwa sababu nyumba ya tatu kutoka kwake waliibiwa kuku wote. Kwa hiyo naombeni msaada wa kweli, maana kwa sasa nimemwongezea mzigo badala ya kumpunguzia.

Pwani Moja:
Pole mkuu. Saa ya spika imekosewa hiyo. Ingia kwenye mipangilio, badilisha saa za eneo ziwe za Afrika Mashariki, kwisha habari.

Mwana wa Kihonda:
Nilianza na hapo mkuu. Nilimpigia mama, nikamwambia binti aiulize spika ni saa ngapi. Ikajibu sawasawa na saa ya ukutani. Tena ile ratiba ya saa 4 usiku inafanya kazi bila kukosea hata siku moja.

Mtu wa Ruta:
Ruta ni ya aina gani? Vifaa vingi vya bei nafuu vinashika mawimbi ya 2.4 GHz tu. Kama ruta inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, wakati mwingine simu inakaa kwenye 5 na kifaa kinashindwa kuungana. Tenganisha majina. Kama ulinzi wa nywila ya waifai umewekwa aina mpya ya WPA3 peke yake, rudisha ile ya zamani, WPA2.

Mwana wa Kihonda:
Ahsante. Ni modemu ya laini ya simu, inatoa 2.4 tu. Na kwenye programu vifaa vinaonekana viko hewani, isipokuwa zile siku mbili tatu.

Fundi Nyaya:
Nianze na zile siku mbili tatu. Muulize binti kama kuna mtu anazima breka ya taa za nje, au swichi ya zamani kama fundi wako aliiacha ukutani. Nimefunga swichi hizi nyumba nyingi na hili ndilo linaloongoza. Watu wazima wamezoea kubana yuniti za umeme. Wakiona taa inawaka mchana hawaendi kwenye simu, wanakwenda kwenye breka. Ukikata umeme kwenye swichi ya waifai umeiua, haisikii spika wala ratiba mpaka mtu airudishe.

Halafu swali moja. Umesema dada alikuja na spika kutoka Marekani. Je, alikuja na kifaa kingine chochote cha kuchomeka ukutani? Soma maandishi madogo mgongoni. Kama imeandikwa 100-240V haina tatizo. Kama ni 120V tu, usiichomeke Morogoro, umeme wetu ni 230V, itaungua na inaweza kuunguza na kilicho jirani.

Mwana wa Kihonda:
Fundi, Mungu akubariki. Nimepiga simu sasa hivi. Binti anasema ni kweli, mama alimwambia azime "ile kubwa" kwenye boksi la umeme taa zilipowaka mchana, na siku nyingine walisahau kuirudisha. Hilo limeeleweka. Adapta ya spika imeandikwa 100-240V.

Lakini bado la alfajiri.

Binti Uluguru:
Kaka, fungua programu ya zile swichi, si ya spika. Kila swichi ina sehemu ya historia inayoonyesha imewashwa na kuzimwa saa ngapi. Weka hapa siku nne za karibuni, kama zilivyo, kwa saa za simu. Usikadirie.

Mwana wa Kihonda:
Hizi hapa, swichi ya getini:

Tarehe 10 Julai: imewashwa 04:59, imezimwa 13:36
Tarehe 11: imewashwa 04:59, imezimwa 13:37
Tarehe 12: imewashwa 04:58, imezimwa 13:38
Tarehe 13: imewashwa 04:57, imezimwa 13:38

Binti Uluguru:
Kaka, tatizo umelileta mwenyewe hapo, na nimefurahi kuliona.

Angalia kwanza kwamba dakika zinasogea. Ratiba ya saa maalumu haisogei, ingewaka 04:59 kila siku mpaka mwisho wa dunia. Inayosogea inafuata jua. Kwa hiyo ratiba ya dada yako iko sahihi na inatekelezwa. Swali ni jua la wapi.

Sasa hesabu taa zinakaa zinawaka kwa muda gani. Kutoka 04:59 mpaka 13:36 ni saa 8 na dakika 37. Huo ndio "usiku" ambao spika inaujua. Morogoro hakuna usiku wa saa 8. Sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu mfupi kuliko yote, ule wa Desemba, bado unazidi saa 11. Usiku wa saa 8 na nusu mwezi wa saba ni wa mahali palipo mbali sana kaskazini, ambako sasa hivi ni kiangazi chao na jua linachelewa kuzama.

Minneapolis wako nyuma yetu kwa saa 8 majira haya. Toa saa 8 kwenye 04:59 ya alfajiri unapata 20:59, yaani karibu saa 3 usiku. Toa saa 8 kwenye 13:36 unapata 05:36, saa 11 na nusu asubuhi. Mpigie dada yako umuulize jua kwao linazama na kuchomoza saa ngapi wiki hii.

Geti la mama linamulikwa kwa usiku wa Minneapolis.

Pwani Moja:
Sasa kama ni hivyo, mbona saa ya spika ni sahihi?

Binti Uluguru:
Kwa sababu ni mipangilio miwili tofauti. Kuna saa za eneo, ambazo spika inazitumia kutaja saa na kuendesha ratiba za saa maalumu. Hizo mlizibadilisha, ndiyo maana ratiba ya saa 4 usiku haikosei. Na kuna anwani ya mahali kifaa kilipo, ambayo ndiyo inayotumika kukokotoa kuzama na kuchomoza kwa jua, hata hali ya hewa. Hiyo imebaki nyumbani kwa dada. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kugusa chochote, mwambie binti aiulize spika hali ya hewa ya leo.

Mwana wa Kihonda:
Dada anasema jua linazama karibu saa 3 usiku kwao. Na binti ameiuliza spika hali ya hewa, ikaanza moja kwa moja na Minneapolis. Nimekaa kimya dakika nzima. Wiki tatu nilikuwa naisumbua ruta ya watu.

Naibadilishaje wakati akaunti ni ya dada?

Binti Uluguru:
Abadilishe yeye, hata akiwa huko huko. Aingie kwenye programu ya spika, achague spika yenyewe kwenye orodha ya vifaa, aende kwenye mahali kifaa kilipo. Afute anwani yake, aandike Morogoro. Programu nyingine zinagoma kupokea anwani ya nchi tofauti na ya akaunti. Ikigoma, msipigane nayo. Ile programu ya swichi nayo ina ratiba zake za jua, na ina mahali pa kuweka eneo la nyumba, unaburuta alama kwenye ramani mpaka Kihonda. Tengeneza ratiba ya jua humo, ufute ile ya kwenye spika. Usiziache zote mbili, zitagombana, moja inawasha nyingine inazima, na utarudi hapa.

Mimi ningechagua hiyo ya pili hata kama ya kwanza inakubali. Taa ya getini isitegemee akaunti ya mtu aliye bara jingine.

Mdogo Mdogo:
Nafuatilia, na mimi nina spika iliyotoka Uingereza.

Fundi Nyaya:
Sasa twende kwenye umeme kurudi usiku. Balbu hizi zimezaliwa hivyo. Ukiziondolea umeme na kuurudisha, zinawaka, kwa sababu mtengenezaji anafikiria mtu aliyebonyeza swichi ukutani anataka mwanga. Fungua kila balbu kwenye programu, tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi. Kawaida kuna kuwaka, kuzima, na kubaki kama ilivyokuwa. Za chumbani kwa mama weka kuzima. Swichi za nje weka zibaki kama zilivyokuwa, ili umeme ukirudi saa 8 usiku geti lirudi kuwaka lenyewe. Kama balbu zako hazina mpangilio huo, ziondoe chumbani, weka balbu ya kawaida.

Na modemu ipe UPS ndogo, ile ya betri inayouzwa kwa ajili ya ruta. Umeme ukirudi swichi zinaamka kwa sekunde chache, modemu inachukua dakika kadhaa kupata mtandao. Swichi zingine zikikosa mtandao mwanzoni zinazubaa. Kabla hujanunua, soma adapta ya modemu: kuna za volti 12, kuna za 9, kuna za 5. Ukichomeka 12 kwenye ya 5 umeiunguza. Mwambie binti apige picha lebo yote, aonyeshe na kale kamchoro ka duara chenye alama za kujumlisha na kutoa, kanaonyesha katikati ya pini ni chanya au hasi.

Shangazi wa Tanga:
Mwanangu, mmeongea mengi ya maana, lakini sijasikia mtu akiuliza mama anawashaje taa akitaka yeye mwenyewe. Spika inamwelewa?

Mwana wa Kihonda:
Shikamoo shangazi. Hapana, hilo nalo lipo. Spika inasikiliza Kiingereza. Dada alizipa taa majina ya Kiswahili, "taa ya nyuma", "taa ya getini". Mama akisema, spika inajibu haijaelewa. Sasa ameacha, anasema "mwache mzungu wako alale".

Shangazi wa Tanga:
Marahaba. Kwangu tulihangaika hivyo hivyo, mimi na mjukuu wangu. Tukagundua dawa ni kutafuta maneno ambayo ni yetu na wao wanayajua. Taa za nje tumeziita Zanzibar. Za sebuleni Safari. Mjukuu akatengeneza ratiba: nikitaja jina la spika kisha nikasema "Safari", zinawaka. Nikisema "Kilimanjaro", zote zinazima. Natamka kama ninavyotamka siku zote, nayo inaelewa. Usimfundishe mama Kiingereza cha kuwashia taa.

Na swichi ya mkono ibaki, mwanangu. Mtu mzima akiamka usiku mkono wake unakwenda ukutani.

Fundi Nyaya:
Shangazi amesema. Swichi za waifai za ukutani zina kitufe, mama anabonyeza kama kawaida na ratiba haiharibiki. Kwa vyumba vya ndani nakushauri uachane na balbu, uweke swichi hizo hizo. Fundi aangalie kwanza kama kwenye boksi la swichi kuna waya wa nyutro, yaani ule wa kurudisha umeme. Nyumba nyingi utakuta laivu tu, waya wenye moto, inashuka na kurudi. Kama nyutro haipo, nunua swichi ya aina isiyohitaji nyutro, asije akachukua achi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, akaifanya nyutro. Nimeshakuta kazi ya namna hiyo, na swichi ilikuwa ikimpiga mtu shoti.

Mwana wa Kihonda:
Wakuu, mrejesho.

Anwani kwenye spika iligoma kama Binti Uluguru alivyosema. Nikatengeneza ratiba upya kwenye programu ya swichi, nikaburuta alama mpaka juu ya bati la nyumba ya mama, dada akafuta zake. Hali baada ya umeme kurudi nimeibadilisha kwenye balbu zote nne. Breka ya taa za nje binti ameibandika karatasi: USIZIME.

Jana nilikaa na simu mkononi tangu saa 12 jioni. Historia ikaandika: imewashwa 18:28. Kabla sijampigia mama, yeye akapiga. Alikuwa nyuma kwenye banda, nikawasikia kuku. Akaniambia, "Zimewaka zenyewe, hata adhana haijaisha."

Jumamosi nakwenda Morogoro na UPS ya volti 12, picha ya lebo ninayo. Majina nimemwachia mama achague. Amechagua Zanzibar kwa za nje. Fundi, ukipata nafasi, mama anauliza kama pampu ya kisima ya nguvu farasi moja inaweza kuwekwa kwenye soketi ya waifai ya 10A.

Fundi Nyaya:
Isiwekwe moja kwa moja. Ikishaanza haivuti nyingi, ila ile sekunde ya kuanza inavuta mara kadhaa zaidi, na siku moja rilei, ile swichi ndogo ya ndani ya soketi, itagandana, pampu isizime. Soketi iwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme inayohimili mzigo wa mota, kontakta ndiyo iwashe pampu. Ukifika Jumamosi nipigie picha kibao cha pampu nikutajie ya ukubwa gani.