Oksijeni 5.8, ORP -140: niamini kipi?

Mdau_Isevya: Wakuu, habari za kazi. Tunafuatilia petroli iliyovuja ardhini hapa Tabora. Kisima cha uchunguzi cha katikati kinanuka petroli, lakini mita inasoma oksijeni 5.8 mg/L, ORP (kipimo cha umeme cha hali ya maji; hasi huashiria maji yasiyo na oksijeni) -140 mV, chuma kilichoyeyuka 7 mg/L, pH 6.9. Tunachota kwa kopo la kamba, tunamimina ndooni, tunachovya probu (kichwa cha mita). Bosi anataka kununua unga wa kuongeza oksijeni. Anunue?

FundiVisima: Mkuu, hiyo 5.8 ni oksijeni ya ndooni. Kwa mwinuko wetu wa kama mita 1,200, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba takriban 7 tu, na kopo limeshayafikisha karibu na hapo. Chuma 7 na oksijeni 5.8 havikai pamoja kwenye pH hiyo. Iache ndoo, utaona maji yanageuka rangi ya kutu.

Shusha pampu ndogo hadi usawa wa matundu ya bomba, uvute lita 0.1 hadi 0.5 kwa dakika, maji yapite kwenye chombo kilichofungwa chenye probu ndani. Soma kila dakika 3 hadi 5. Chukua sampuli masomo matatu mfululizo yakitulia: pH ndani ya 0.1, upitishaji umeme 3%, ORP 10 mV, oksijeni 10%. Sampuli ya chuma ichujwe hapohapo kwa 0.45 mikroni, kisha asidi ya naitriki hadi pH chini ya 2. Chupa ya nitrati isiguse asidi hiyo, utapima nitrati uliyoitia mwenyewe!

Mkemia_TBR: Naongezea. Kama elektrodi ya rejea ya probu ni ya fedha na kloridi ya fedha, jumlisha kama 200 mV kupata Eh (yaani ORP kwa kipimo cha elektrodi ya hidrojeni). Hata hivyo ORP ni ya kuonyesha mwelekeo tu. Linganisha na kisima cha juu ya mkondo (upande maji ya ardhini yanakotoka kabla ya kufika kwenye petroli): vijidudu humaliza oksijeni, kisha nitrati, manganizi, chuma, salfeti, mwisho methani inatokea. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi, kwa hiyo hatua ya chuma inaweza kudumu.

Unga usubiri. Miligramu 1 ya benzini inataka kama 3 za oksijeni, chuma nacho kinakula sehemu yake na kutu inaziba matundu. Juu ya maji kuna mafuta yanayoelea?

Mdau_Isevya: Yapo, kama sm 2.

Mkemia_TBR: Basi asinunue. Yatolewe hayo kwanza, la sivyo yataendelea kuyeyuka na kula kila oksijeni mtakayotia. Na probu msiipitishe humo, mafuta yataichafua. Pimeni visima vya chini ya mkondo visivyo na mafuta, kabla ya mvua za Novemba na tena zikikatika.